Premiamu au ya kawaida? Kabla hujamwambia kijana wa pampu ajaze

Unafika sheli, kijana wa pampu anainama dirishani anauliza "ya kawaida ama premiamu?" na hapo ndo mtu anaanza kujishuku, maana hilo neno premiamu limekaa kama vile hiyo nyingine ni makapi na wewe ndo mzazi unayemnyima mtoto maziwa. Mi nilikaa miaka naweka premiamu tangi moja kila mwisho wa mwezi, eti kuisafisha injini, kama mtu anavyokunywa dawa ya minyoo. Gari yenyewe ndogo, haina tabo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), na hakuna mahali popote kwenye hiyo gari palipoandikwa inataka premiamu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba nilikuwa nalipia kitu ambacho injini yangu haina hata pa kukitumia.

Tuanze na ile namba ya kwenye pampu kwa sababu uongo mwingi unazaliwa hapo. Oktani inapima jambo moja tu, petroli inavumilia kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe. Basi. Haipimi nguvu, haipimi usafi, haipimi mafuta yamechujwa mara ngapi.

Hebu ingia ndani ya silinda kidogo. Pistoni inapanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mpaka unabaki kama sehemu ya kumi ya nafasi uliyokuwa nayo, na kitu kikibanwa hivo kinapata joto, ukiwahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono unajua ile pampu inavyochemka kule chini. Plagi inatoa cheche. Moto unaanzia pale kwenye plagi unatembea kuelekea kingo za silinda, na hivo ndo inavyotakiwa, moto utembee, usukume pistoni chini kwa mpangilio. Sasa kuna kale kamchanganyiko kamebaki kwenye kona hakajafikiwa na moto, kanabanwa zaidi na moto unaokuja, kanazidi kupata joto, na kama petroli haina subira kanalipuka kenyewe kwa mpigo mmoja. Ndo unasikia ile sauti kama kokoto kwenye kopo, hasa ukiwa unapanda mlima na gia kubwa na mguu umekandamiza. Mafundi wanasema injini inagonga. (Usichanganye na kugonga kwa beringi zilizokufa, ile ni sauti nzito ya chini na haitibiwi na mafuta ya aina yoyote, hiyo ni ovaholi.)

Kwa hiyo petroli ya oktani ya juu ni petroli yenye subira zaidi. Injini inayobana sana au yenye tabo inayosukuma hewa nyingi ndani inahitaji hiyo subira. Injini isiyobana sana haitaifikia kamwe. Ni kama kununua kamba ya kuvuta lori wakati unafunga mbuzi, kamba nzuri sana, ila mbuzi ni yuleyule.

Na kama bado unaamini oktani ni nguvu, angalia ethanoli, ile spiriti inayochanganywa kwenye petroli. Oktani yake inapita petroli zote za kawaida za sheli, iko juu ya 100, lakini ukichukua lita moja ya ethanoli nishati iliyomo ni pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja. Oktani juu, nishati chini. Vitu viwili tofauti kabisa vinavyotembea kila kimoja na njia yake. Kati ya premiamu na ya kawaida nishati kwa lita ni karibu sawa, na pale premiamu ilipoongezewa ethanoli ili kupandisha oktani inaweza hata kuwa chini kidogo.

Alafu kuna hili la namba zenyewe, linawachanganya watu sana. Marekani kwenye pampu utaona 87 kama ya kawaida na 91 au 93 kama premiamu. Ulaya utaona 95 na 98. Mtu anasoma mtandaoni kwamba gari fulani inatumia 87 anasema mbona Wamarekani wanakunywa maji? Hapana, ni vipimo viwili. Ulaya na nchi nyingi duniani wanaandika RON, namna moja ya kupima oktani. Marekani wanachukua RON na kipimo kingine kinaitwa MON, kinachopimwa kwenye mazingira magumu zaidi kwa hiyo kinatoa namba ndogo, wanajumlisha wanagawa kwa mbili. Ndo maana 87 ya Marekani ni kama RON 91 au 92, na 91 yao inakaa kwenye RON 95 au 96. Kwa hiyo kitu ambacho Ulaya ni cha kawaida, 95, kwa Mmarekani kinakaribia premiamu! Kabla hujabishana na mtu angalia kwanza mnaongelea kipimo gani.

Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani nazo zina hadithi yao. Kule kiwango cha petroli ya kawaida kinaanzia RON 89, ya juu inaanzia RON 96. Maana yake gari iliyoundwa kula ya kawaida ya Japani, ukiiwekea RON 91 tayari umeizidishia, ukiiwekea 95 umeizidishia zaidi, na hapo bado mtu anatafuta 98. Mwenye gari kama hiyo anayenung'unika kwamba nchi yake haiuzi mafuta mazuri mara nyingi hana kesi.

Sasa tuziweke hizi mbili pembeni kwa pembeni

Nguvu kwanza maana ndo watu wanapenda. Kwenye gari iliyotengenezwa kwa ya kawaida, premiamu haiongezi kitu cha kuonekana. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, walipima magari ya aina hiyo kuanzia silinda nne mpaka nane, wakakuta hakuna faida ya maana kwenye nguvu, ulaji wala moshi. Lakini kwenye injini yenye tabo iliyopangwa kufaidika na oktani mambo ni tofauti, na mfano ninaoupenda ni Mazda CX-9 ya injini ya 2.5 yenye tabo, kampuni yenyewe iliandika wazi nguvu ya farasi 227 ukiweka 87 na farasi 250 ukiweka 93. Gari ileile. Farasi 23 zimelala ndani ya tangi. Ila soma vizuri, zile farasi zinakuja ukiikandamiza mpaka juu kabisa, kwenye foleni ya kwenda kazini huzioni, foleni haina farasi.

Kinachofanya hilo liwezekane ni sensa ya kugonga, kifaa kidogo kimefungwa kwenye bloki ya injini kinasikiliza mtetemo. Kikisikia injini inaanza kugonga kinaiambia kompyuta, kompyuta inachelewesha cheche kidogo, kugonga kunaisha na nguvu inapungua kidogo. Ukiweka premiamu kompyuta inaona kimya, inarudisha cheche mapema, nguvu inarudi. Mpaka pale ramani yake, yaani mipaka ya cheche iliyopangiwa kiwandani, inapoishia. Na hapo ndo penyewe: kompyuta ya gari iliyopangiwa ya kawaida imeshafika mwisho wa ramani yake na mafuta ya kawaida, ukiipa ya subira zaidi haina pa kwenda. Gari nyingi za zamani za kabureta hazina hata hiyo sensa, cheche inapigwa pale fundi alipoiweka, iwe premiamu iwe nini.

Kwenye ulaji wa mafuta ndo pesa inapoongea. AAA wakarudi tena mwaka 2017 wakapima yale magari ambayo mtengenezaji anapendekeza premiamu ila halazimishi. Kwa wastani ulaji uliboreka kwa asilimia 2.7 na nguvu ikapanda asilimia 1.4. Sasa fanya hesabu ya dukani tu: kama premiamu ni ghali kwa asilimia 20 basi ili usile hasara gari lazima ikupe kilomita asilimia 20 zaidi kwa kila lita. Kama ni ghali kwa asilimia 5, ikupe asilimia 5. Chukua bei mbili za pale unapojaza, toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa ndogo, hiyo ndo asilimia unayoitafuta, na ukiona imezidi tatu au nne ujue kwa kigezo cha kuokoa mafuta peke yake imeshashindwa. Unaweza kuwa na sababu nyingine ya kuiweka, sawa, ila usiseme unaokoa.

Mi nilijaribu mwenyewe na daftari. Tangi tatu za kawaida, tangi tatu za premiamu, njia ileile, pampu ileile, naacha kujaza nozo inapokata mara ya kwanza, hakuna kuongeza kidogo ifike namba ya kuvutia. Tangi la kwanza la premiamu likaenda mbele kuliko yote nikajiona profesa. La pili likafanana na ya kawaida. La tatu likaanguka chini ya zote, wiki hiyo mvua ilinyesha na foleni ilikuwa ya ajabu. Nilipokaa nikatafakari lile la kwanza nikagundua nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai, kwa sababu nimelipa pesa nyingi nataka zifike mbali! Upepo wa tairi, AC, foleni, mguu wako, kila kimoja hapo kinayumbisha hesabu kuliko zile asilimia mbili unazozitafuta. Kwa hiyo mtu akikwambia nimeweka premiamu tangi moja gari imebadilika kabisa inateleza kama siagi, msikilize kwa heshima, ila muulize alipima vipi.

Kwenye usafi hapa ndo nilikuwa nimepotea mimi. Kinachosafisha ni dawa za kusafishia zinazochanganywa kwenye petroli, oktani haihusiki. Kampuni nyingine zinaweka dawa nyingi kwenye premiamu na kidogo kwenye ya kawaida, hapo kweli unapata zaidi, nyingine zinaweka kiwango kilekile kwenye zote. Tangu 2004 kuna kiwango kinaitwa Top Tier kilichoanzishwa na watengenezaji wa magari wakiwemo BMW, General Motors, Honda na Toyota, na sheli inayokifuata inatakiwa kuweka dawa ya kutosha kwenye petroli zake zote mpaka ile ya bei ya chini. AAA walipolinganisha walikuta petroli zisizofuata kiwango hicho zinaacha uchafu kwenye valvu za kuingizia hewa mara 19 zaidi. Mara kumi na tisa, na hiyo tofauti haina uhusiano na namba ya oktani. Kwa hiyo ya kawaida ya sheli inayoeleweka inaishinda premiamu ya sheli ya mashaka.

Na kama injini yako ni ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo ziko nyingi siku hizi, jua kwamba petroli haipiti kabisa kwenye migongo ya zile valvu. Itasafisha nozo za kupulizia petroli, sawa, lakini valvu unaweza kuziwekea premiamu mpaka uzeeke hazitaoga.

Kuhusu uhai wa injini, petroli ya kawaida kwenye gari iliyotengenezwa kwa ya kawaida haifupishi chochote. Hatari iko upande wa pili, gari inayodai premiamu ikilishwa ya chini kila siku alafu ikabebeshwa mzigo. Sensa inalinda lakini nayo ina mwisho wake, na kugonga kukiendelea kunakula kingo za pistoni pale ringi zinapokaa, gasketi ya silinda hedi inaungua, na ikizidi pistoni inatoboka. Bei ya hiyo kazi unaijua.

Haya, gari yako ni ipi?

Fungua kile kifuniko cha tangi usome, au kitabu cha gari. Kuna hali tatu tu unazozitafuta na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kama pameandikwa premiamu inahitajika, lazima, pekee, basi mjadala umeisha, weka hiyo na uihesabu kama sehemu ya gharama ya kumiliki hiyo gari, kama tairi zake pana na oili yake ya bei. Anayenunua gari ya namna hiyo alafu anaibania kwenye pampu simuelewi. Ukikwama mahali hakuna premiamu, weka ya kawaida kidogo tu ya kukufikisha, endesha taratibu, usivute mzigo, usiishindanishe na mtu kwenye mlima, na ukipata premiamu ijazie juu yake. Kuchanganya hakuna madhara, oktani inajipanga katikati, nusu ya 87 na nusu ya 91 unapata kama 89, na pampu nyingi za Marekani zinatengeneza ile ya daraja la kati hivohivo kwa kuchanganya mbili.

Kama pameandikwa inapendekezwa, uamuzi ni wako na hapa ndo pana ulinganisho wa kweli. Mi ningefanya hivi: mwendo wa mjini wa kila siku, ya kawaida. Safari ndefu ya milima, joto kali, gari imejaa watu na mizigo au inavuta trela, premiamu, kwa sababu joto na mzigo ndo vinavyoisukuma injini kwenye kugonga na ndo wakati kompyuta ingekunyima nguvu. Sio lazima uwe mfuasi wa mojawapo maisha yako yote. Ila kompyuta inahitaji muda kuzoea, usiweke premiamu dakika kumi kabla ya mlima ukategemea miujiza.

Kama hapajaandikwa kitu, au pameandikwa namba ambayo ya kawaida ya sheli yako inaifikia, weka ya kawaida ulale. Gari nyingi duniani ziko hapa, zikiwemo nyingine zenye tabo ndogo ambazo watu wanadhani lazima zitake premiamu. Honda CR-V ya 1.5 yenye tabo imepangiwa ya kawaida. Na usidanganywe na namba ya kompresheni, yaani mchanganyiko unabanwa mara ngapi, Toyota Prius ya injini ya 1.8 ina kompresheni ya 13 kwa 1 ambayo kwenye karatasi inatisha, na bado inakula 87, kwa sababu valvu zake za kuingizia hewa zinachelewa kufunga kwa makusudi, hewa nyingine inarudi ilikotoka, kubanwa kwenyewe kunakuwa kidogo kuliko namba inavyosema. Mhandisi ameshapiga hizo hesabu zote kabla ya kuandika kile kistika, sisi tusizipige upya kwenye foleni ya sheli.

Kuna kesi moja inayovunja utaratibu huu. Gari imezeeka, ilikuwa inakula ya kawaida bila shida, sasa ikipanda mlima inaanza kokoto kwenye kopo. Mara nyingi ni masizi yamejijenga juu ya pistoni na kwenye kuta za chumba cha moto, yanapunguza nafasi kwa hiyo kubana kunaongezeka, na yenyewe yanashika joto. Ukipandisha oktani kelele itanyamaza kweli, na watu wengi wanaishia hapo wanafurahi, lakini hiyo ni panadoli. Inaweza pia kuwa plagi zisizo za aina yake, injini inayochemka kuliko kawaida, au valvu ya EGR (ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyoziba, na vyote hivyo fundi anaviona. Tumia premiamu wakati unasubiri fundi, sio badala ya fundi.

Na la kuchakachua, siwezi kuliacha. Mafuta ya taa oktani yake iko chini sana, yakichanganywa hata kidogo kwenye petroli yanaishusha namba haraka. Premiamu iliyochakachuliwa inaweza kuwa mbaya kuliko ya kawaida ya mtu mwaminifu, na umelipia zaidi juu yake. Niliwahi kujaza mahali, sitapataja, gari ikaanza kugonga kilomita chache mbele na risiti inasema premiamu. Pia sheli ambayo wateja wa premiamu ni wachache, yale mafuta yanaweza kukaa tangini muda mrefu kuliko ya kawaida yanayoisha kila siku. Mi siku hizi naangalia sheli yenye foleni kabla sijaangalia namba ya pampu.

Wazee wengine watakwambia enzi zao "supa" ilikuwa na nguvu na ilipakaza valvu. Hawadanganyi, wanaongelea petroli iliyochanganywa madini ya risasi. Thomas Midgley wa General Motors aligundua mwaka 1921 kwamba risasi inazuia kugonga, dunia ikaitumia kwa miongo mingi ikiwatia watu sumu, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria mwaka 2021. Kweli ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za zamani. Premiamu ya leo haina risasi, kwa hiyo ule ulinzi wanaoukumbuka hauko kwenye pampu yoyote, ya juu wala ya chini.

Yangu inaendelea na ya kawaida. Ile pesa ya tangi la mwisho wa mwezi sasa hivi naiweka pembeni, na mara ya mwisho ilipofika ya kutosha nikabadilisha plagi zote nne na kichujio cha hewa kilichokuwa kimekuwa cheusi kama sufuria ya shambani. Hiyo tofauti niliisikia bila daftari.